Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kila mwaka msimu unapokaribia kuisha, wanawake wanane waliofanya vizuri zaidi katika tenisi ya dunia hukutana kwa shindano la mwisho, WTA Finals. Tangu 2024 wanakutania Riyadh, mji mkuu wa Saudia. Na si ajabu, wiki hiyohiyo, basi la usiku linalotoka Busia kwenda Nairobi likawa limembeba msichana mwenye begi jipya na pasipoti ambayo haijagongwa muhuri hata mmoja, naye safari yake ni Riyadh. Wale wanane wataingia hotelini. Huyu ataingia jikoni kwa watu asiowajua.

Swali langu ni kama wale wanane wana deni lolote kwa huyu mmoja. Na kama wanalo, ni deni gani, na hulipwaje?

Kabla hujaniuliza tenisi inamhusu nini mtu wa Busia, wacha nikwambie: huku tenisi tunaijua, ila tumeijulia kwenye mkeka. Usiku ligi za mpira zikishalala, pale steji ya bodaboda watu huhamia kwa tenisi kwa sababu moja rahisi: tenisi haina droo. Lazima mtu ashinde. Kijana ambaye hajawahi kushika raketi atakueleza nani hutetemeka akifika seti ya tatu, na Coco Gauff anajulikana zaidi kwa makosa yake ya sevu, maana yamechana mikeka ya watu. Wengine tulianza kufuatilia kwa dhati 2022, Angella Okutoyi, binti aliyelelewa na nyanya yake Nairobi, alipotwaa taji la wasichana pale Wimbledon, upande wa wachezaji wawili-wawili, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Hapo tenisi ikapata jina ambalo nyanya yangu mimi angeweza kulitamka bila kuuliza mara ya pili.

Sasa hili shindano la Riyadh lina utaratibu wake. Mashindano mengi ya tenisi hayana huruma: ukipoteza mechi moja unafungasha. Hapa wanane hugawanywa makundi mawili, kila mmoja anacheza na wenzake watatu, na wawili wa juu wa kila kundi wanaingia nusu fainali. Maana yake unaweza kupigwa leo na keshokutwa bado uko. Mwaka 2024 Gauff alipigwa na Barbora Krejčíková katika mechi yake ya mwisho ya kundi, na bado akasonga mbele, akamtoa Aryna Sabalenka, kisha akamshinda Zheng Qinwen kwenye fainali ya seti tatu. Aliondoka na dola milioni 4.8. Mwaka uliofuata Elena Rybakina hakupoteza hata mechi moja, akabeba dola milioni 5.235, zawadi kubwa kuliko zote zilizokuwa zimewahi kulipwa katika tenisi ya wanawake. Likumbuke hilo la kupigwa na bado ukawa na mechi nyingine. Nitalihitaji mbele.

Pesa hizi zimetoka mbali. Mwaka 1970, kule Houston, wachezaji tisa wakiongozwa na Billie Jean King walichoka kulipwa makombo huku wanaume wakilipwa minofu. Wakatia saini mikataba ya dola moja moja na Gladys Heldman, mwenye jarida la tenisi, ili waanzishe mashindano yao wenyewe. Aliyewawekea pesa mezani alikuwa nani? Kampuni ya sigara. Shindano la mwisho wa msimu lilipochezwa kwa mara ya kwanza 1972, Boca Raton, Florida, na kushindwa na Chris Evert akiwa na miaka 17, lilibeba jina la sigara hiyo, Virginia Slims, na liliendelea kulibeba kwa miaka mingi. Kwa hiyo uhuru wa wanawake katika mchezo huu ulijengwa kwa pesa ya moshi. Wachezaji walijua sigara inaua. Walichukua, wakajenga, na leo kombe la Riyadh lina jina la Billie Jean King. Mama huyo mwenyewe amesema hadharani kwamba haamini mtu hubadilika bila kukaa naye na kuzungumza naye.

Mimi ni mtu wa mpakani, na mpaka hukufundisha usiwe na haraka ya kusema pesa hii ni safi na ile ni chafu. Mji wetu una jina moja pande zote mbili, Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Hata neno bodaboda, ambalo sasa dunia nzima inalitamka, lilizaliwa huku, vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria kutoka boda moja hadi boda ya pili. Kila kitu hapa kinaishi kwa tofauti ya bei. Sukari ikiwa rahisi upande ule, inakuja. Ikipanda, inarudi. Mayai, mahindi, samaki, mitumba, vyote vina njia ya geti na njia ya panya. Wabadilishaji pesa wanakaa na mabunda ya shilingi za nchi mbili na hawamuulizi mtu ametoa wapi zake. Kule Malaba, malori yanapopanga foleni hadi mwisho huuoni, mama anayewapikia madereva hakagui kontena kabla ya kupakua ugali. Angekagua, watoto wangelala njaa. Naamini nusu ya darasa letu lilisomeshwa na kitu kilichovuka usiku.

Ndiyo maana Januari 2024, Chris Evert na Martina Navratilova walipoandika kwenye gazeti la The Washington Post wakisema tenisi ya wanawake isipeleke shindano lake kubwa Saudia, kwa kuwa huko mwanamke bado hahesabiwi sawa na mwanamume, niliwasoma kwa heshima na kwa wasiwasi pia. Heshima, kwa sababu walisema jambo la kweli. Wasiwasi, kwa sababu wao wameshakula, na mtu aliyeshiba ni rahisi kumwambia mwenzake asile. Balozi wa Saudia kule Washington, Binti Mfalme Reema bint Bandar, aliwajibu kwamba wameyadharau mabadiliko ambayo wanawake wa nchi yake wameyapigania. Naye hakudanganya. Wanawake wa Saudia wanaendesha magari tangu Juni 2018. Lakini Loujain al-Hathloul, mmoja wa waliodai haki hiyo, alikamatwa wiki chache kabla ruhusa haijaanza, na hakutoka gerezani mpaka Februari 2021. Ukweli wote wawili unakaa nyumba moja.

Halafu kuna habari ya China. Mkataba wa kupeleka shindano hili Shenzhen ulikuwa wa miaka kumi, kuanzia 2019. Novemba 2021 mchezaji Peng Shuai aliandika mtandaoni akimtuhumu aliyekuwa naibu waziri mkuu wa nchi hiyo kwamba alimlazimisha kimapenzi. Maandishi yakafutwa upesi, mwenyewe akapotea machoni pa watu. Mwezi uliofuata WTA ilisimamisha mashindano yake yote China ikidai uchunguzi wa wazi. Huo ulikuwa msimamo, na msimamo una bei. Shindano likawa la kutangatanga: Fort Worth, kisha Cancún 2023, ambako uwanja uliunganishwa dakika za mwisho, upepo na mvua vikauchezea, na wachezaji wakalalamika wazi kwamba wamedharauliwa. Mwaka huohuo WTA ilikuwa imesharudi China bila kupata uchunguzi ilioudai. Aprili iliyofuata ikatangaza Riyadh, miaka mitatu.

Sisi wa mpakani hatukushangaa. Tumeona mageti mengi yakifungwa na kufunguliwa. Kenya ilipiga marufuku kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati 2014, ikaruhusu tena 2017. Uganda nayo ilizuia wasichana wake kwenda Saudia Januari 2016. Je, walikaa nyumbani? Walivukia hapa kwetu, wakapanda mabasi, wakapanda ndege Nairobi. Marufuku ilipunguza kitu kimoja tu: idadi ya watu wanaojua msichana ameenda wapi. Kwa hiyo mtu akiniambia dawa ni kususia, namuuliza: ukishasusia, ni nani atabaki akiangalia?

Mpaka hapo utadhani nimemaliza, kwamba niko upande wa pesa. Sijamaliza.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, yuko Riyadh mwaka wa pili sasa. Simu ninayotazamia mechi alininunulia yeye. Paa la mabati kwa shangazi ni yeye. Alipokuwa anaondoka hakuna aliyemuuliza kama amefikiria haki za wanawake, kwa sababu sote tulijua alichokuwa amefikiria: karo ya wadogo zake wawili na shamba lililowekwa rehani. Nyumba ya kwanza aliyopelekwa haikuwa nzuri. Alilala saa nne kwa siku, simu ikafungiwa kabatini, na miezi miwili ya kwanza hakulipwa. Alipolalamika, ofisi iliyompeleka ilimwambia avumilie, kwa kuwa gharama za kumleta zimeshalipwa na mtu, na huyo mtu anataka kazi.

Shirika la Amnesty International lilitoa ripoti Mei 2025 baada ya kuzungumza na wanawake wa Kenya zaidi ya 70 waliowahi kufanya kazi za nyumbani Saudia. Mshahara wa wastani ulikuwa kama dola 240 kwa mwezi, na ukiugawanya kwa saa walizofanya kazi unapata kama nusu dola kwa saa. Miezi miwili kabla yake The New York Times lilikuwa limeandika kwamba katika miaka mitano Wakenya wasiopungua 274 walikufa wakiwa kazini Saudia, wengi wao wanawake. Kuna kanuni mpya zilizoanza huko Oktoba 2024, zinazoweka kikomo cha saa 10 kwa siku na kumkataza mwajiri kukaa na pasipoti ya mfanyakazi. Ni hatua. Ila mfanyakazi wa nyumbani bado yuko nje ya sheria ya kazi inayowalinda wengine, na kanuni isiyo na wa kubisha hodi mlangoni kuikagua ni karatasi tu.

Ukitaka kufikisha zawadi ya Rybakina kwa mshahara wa dola 240 utahitaji zaidi ya miaka 1,800. Hesabu hiyo inauma, lakini peke yake haithibitishi kitu. Rybakina hakumnyang'anya mtu. Na hata angecheza bure, mshahara wa jikoni usingepanda hata riyali moja. Ninachokiangalia mimi ni kingine: nani kati ya hawa wawili anaweza kusema hapana na bado akala jioni?

Hapo ndipo naona tofauti yenye uzito. Wote wawili wamekubali pesa ya nchi moja. Lakini kukubali kwa binamu yangu hakuhitaji maelezo, kwa sababu hakuwa na pa kukataa. Anayehitaji kujieleza ni yule ambaye angeweza kukataa. Na wachezaji wanaweza. Ushahidi uko kwenye fainali ya 2025 yenyewe: baada ya kushinda, Rybakina aliitwa apige picha na mkuu wa WTA, Portia Archer, akabaki amesimama kando. Hakwenda. Dunia iliona, watu wakajadili, na hundi yake haikupungua hata senti. Sihukumu sababu zake. Nasema tu kwamba mtu anayeweza kukataa picha ana kitu mkononi ambacho binamu yangu hana: anaweza kumkera mwenye nyumba na asilale nje.

Uwezo wa kukataa ni mali kama mali nyingine. Na mali hudaiwa zaka.

Wanaotetea safari ya Riyadh wana hoja, na kwa Kiswahili tuna methali yao: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Billie Jean King aliinama kwa kampuni ya sigara akatoka na mchezo mzima. Sawa, nakubali. Basi tuulize waliokwenda Riyadh wametoka na nini. Wametoka na vitu vya maana. Zawadi kubwa, hiyo kwanza. Pili, Machi 2025 WTA ilitangaza mpango wa uzazi unaolipiwa na Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudia, PIF: mchezaji anayejifungua anaweza kulipwa hadi miezi 12 akiwa likizo. Wanawake wa tenisi hawakuwahi kuwa na kitu kama hicho, na kama wewe ni mama unajua uzito wake. Tatu, Daria Kasatkina, ambaye hafichi kwamba mpenzi wake ni mwanamke, aliingia uwanjani Riyadh 2024 kama mchezaji wa akiba, baada ya kuhakikishiwa kwamba atakuwa salama, katika nchi ambayo sheria yake inaadhibu mapenzi ya aina hiyo.

Nikiangalia orodha hiyo naona jambo moja. Kila kilichotolewa mvunguni kimekwenda kwa mgeni.

Na hapa ndipo methali nyingine inaponikaba. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuliokulia Magharibi mwa Kenya tunaijua methali hii kwa tumbo. Siku ya mgeni ndiyo siku ya kuku. Mgeni anapewa firigisi na nyama ya maana, lakini watoto wa pale nyumbani nao wanapata shingo, wanapata mguu, wanachovya ugali kwenye mchuzi. Mgeni anayekuja, anakula, anaondoka, na watoto wa pale wakalala na mboga zilezile za jana, huyo ni mgeni gani? Mfuko wa taifa unaomlipa mchezaji aliye nje ya nchi akalee mwanawe ni wa nchi ileile ambamo kuna Wakenya waliojifungua nje ya ndoa na watoto wao hawana cheti cha kuzaliwa, hawana pasipoti, hawawezi kurudi nyumbani na mama zao. Likizo ya uzazi imefika Riyadh na kupita juu ya vichwa vyao.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zuri: kwa nini mzigo huu wabebeshwe wanawake? Cristiano Ronaldo yuko Al Nassr tangu Januari 2023, na sijasikia mtu akimuuliza nani anamfulia. Magari ya Formula 1 yanakimbia Jeddah tangu 2021. Kombe la Dunia la wanaume la 2034 limeshapewa Saudia. Wanaume wakichukua ni biashara, wanawake wakichukua ni kesi. Isitoshe, serikali yetu wenyewe huwahesabu wasichana hawa kama nafasi za ajira na kufurahia dola wanazotuma. Ati mchezaji wa tenisi ndiye awe waziri wa kazi?

Nimeifikiria hoja hii kwa muda mrefu. Naipokea nusu. Ni kweli Ronaldo aulizwe, na ni kweli Nairobi iulizwe kwanza, kwa sauti kubwa kuliko zote. Lakini ukichora chapati kwenye ukuta wa kibanda chako, usikasirike mteja akiingia na kuagiza chapati. Tenisi ya wanawake imejichorea usawa wa wanawake ukutani. Ndiyo hadithi inayouza tiketi, ndiyo jina lililo kwenye kombe. Ronaldo hajawahi kuahidi kitu zaidi ya mabao.

Na tena wanajua kuweka sharti. Waliliweka China kwa ajili ya Peng Shuai. Halikudumu, lakini walijua maneno ya kutumia, walijua mlango wa kugonga. Kwa nini waliweza? Kwa sababu Peng alikuwa mwenzao. Walikuwa wamecheza naye, wanajua sauti yake. Kumbe swali lililokuwa linanisumbua muda wote huu ni dogo kuliko pesa safi na pesa chafu: mwenzangu ni nani?

Mtu wa mpakani anaulizwa swali hili tangu utotoni. Wateso wa Malaba wana ndugu ng'ambo ya mto, Wasamia wana makaburi ya babu zao nchi mbili. Aliyechora mstari hakutuuliza, na sisi hatukukubali kwamba mstari huo ndio mwisho wa watu wetu. Rybakina alizaliwa Moscow, tangu 2018 anaichezea Kazakhstan iliyokubali kumlipia mafunzo. Huku kwetu hilo halimshangazi mtu, tuna watu wengi wenye nyumbani kuwili. Basi mstari kati ya mwanamke anayelipwa kwa raketi na mwanamke anayelipwa kwa ufagio, katika mji mmoja, wiki moja, nao umechorwa na nani? Na nani amekubali kwamba ndio mwisho wa "sisi"?

Sasa lile nililokuomba ukumbuke. Gauff alipigwa na bado akawa na mechi nyingine, akaishia na kombe. Ndio uzuri wa makundi: siku moja mbaya haikumalizi. Binamu yangu alipopigwa nyumba ya kwanza hakuwa na kundi. Mwajiri akienda kuripoti kwamba mfanyakazi ametoroka, mkosaji anakuwa yule aliyekimbia, hata kama alikimbia njaa. Yeye alibahatika. Baada ya miezi mitano alihamishiwa nyumba ya pili, kwa watu wenye utu, na huko ndiko mabati yalikotoka. Bahati, lakini. Utaratibu haukumsaidia.

Kwa hiyo deni ninalolidai ni dogo na lina umbo. Kwanza, mdomo. Mchezaji wa Riyadh hukaa mbele ya vipaza sauti baada ya kila mechi. Sentensi moja kutoka kwa mmoja wa wale wanane, kwamba mwanamke anayefanya kazi nyumbani aingizwe kwenye sheria ya kazi kama mfanyakazi mwingine yeyote, ingefika mahali ambapo ripoti zetu hazifiki. Pili, mkataba. Watu waliokaa mezani na PIF mpaka wakapata likizo ya miezi 12 wanajua kujadiliana. Wakikaa tena, waongeze mstari mmoja usiowahusu wao: kwamba kila mwanamke anayefagia uwanja ule na kutandika vitanda vya hoteli zile awe na pasipoti yake mfukoni, na awepo mtu wa kukagua. Hawatabadilisha ufalme. Watagawa shingo ya kuku.

Na sisi watazamaji? Mimi nitatazama, kwa simu ileile. Singejidai kufunga macho kwa ajili ya mtu ambaye ndiye aliyeninunulia kioo. Ila nimeacha kutazama kama mtu wa mkeka, anayetaka kujua tu nani ameshinda. Baada ya fainali ya 2025 nilimtumia binamu yangu ujumbe nikamuuliza kama alijua mechi zilichezwa mjini kwake. Akanijibu kwa voisi, akicheka. Alisema hakujua. Kisha akauliza tiketi ni pesa ngapi, na kama siku hiyo watu wa kazi hupewa ofu.

Sikuwa na jibu la swali la pili, na sidhani wale wanane wamewahi kuulizwa. Mkataba wa binamu yangu ni wa miaka miwili, unaisha mwakani, na kurudi kwake kutategemea mwajiri atie saini karatasi. Mkataba wa WTA na Riyadh ni wa miaka mitatu, unaisha 2026. Siku hiyo tenisi inaweza kukaa, inaweza kuondoka, inaweza kukaa kwa masharti. Itaamua yenyewe, maana hakuna aliyeifungia pasipoti kabatini.